Kufukuzwa Kabla ya Chai

Katika lile duka la dobi, kufukuzwa kazi lilikuwa jambo la kawaida kama kurukiwa na povu la sabuni. Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi akiwepo na Radi akiwa hayupo, alijaliwa sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa tatu na hasira isiyokuwa na breki. Kola ikitoka na mkunjo, mtu kafukuzwa. Soksi ya mteja ikikosa mwenzake, mtu kafukuzwa. Mteja akilalamika tu kwamba shati lake linamkaba, hata kama kilichoongezeka ni shingo na si shati lililopungua, lazima kuna mtu atafukuzwa.

"Umefukuzwa!" Radi alikuwa akinguruma. "Chukua kandambili zako uende! Nisikuone tena hapa!"

Aliyefukuzwa alijua la kufanya. Alivua aproni akaitundika kwenye msumari wa mlango wa nyuma, akatoka uani kwenye kamba za kuanikia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya mashuka ya hoteli. Pale alikaa akipunga upepo. Chai ya saa nne ilipoiva, Bi Wanga alimpelekea kikombe. Alikunywa taratibu, akarudi ndani, akavaa aproni yake akashika kazi, na Radi akipita hapo alimwuliza kama foronya zimekauka, utadhani hakuna lililotokea. Ndiyo maana watu wa pale walikuwa na msemo wao, kwamba kufukuzwa kabla ya chai hakuhesabiki. Na kwa kuwa hasira za Radi zote zilikuwa za asubuhi, hakuna aliyewahi kufukuzwa baada ya chai.

Tabia hiyo hakuianzisha yeye. Baba yake ndiye aliyefungua biashara ile kwa beseni mbili na mdomo mmoja mkali, na mwana akarithi vyote vitatu. Bi Wanga, mama mtu mzima aliyekuwa akipika wanga wa kugandishia kola tangu enzi za mzee, alifukuzwa na baba miaka nenda miaka rudi, kisha akafukuzwa na mwana. Alisema kwamba siku atakayomaliza wiki nzima bila kufukuzwa, atajua biashara inafilisika.

Basi akaajiriwa fundi mpya wa pasi, mwanamke wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Kwa kuwa kila mtu pale alikuwa na jina la kubandikwa, naye akabandikwa lake, wakamwita Mgeni. Mkono wake haukuwa na mfano. Suruali ikipita kwake ilitoka na mstari ulionyooka mpaka ukatamani usiivae. Radi alizitazama suruali zile akafurahi kimoyomoyo, lakini kusifu mtu mbele yake hakukuwa miongoni mwa vitu alivyorithi.

Asubuhi moja ikaja suti nyeupe ya bwana harusi. Mgeni akalinyoosha koti, likatoka safi. Akaanza suruali. Mara harufu ya kitambaa kilichoungua ikajaa chumba kizima, na Radi akatoka ofisini mbio. Pale mezani, kwenye makalio ya suruali, mahali hasa ambapo bwana harusi angekalia, palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo kamili la pasi.

Sina haja ya kurudia yote aliyoyasema. Alimtaja bwana harusi, akamtaja bibi harusi, akawataja na watoto wao ambao bado hawajazaliwa. Mgeni alitaka kusema neno, akafungua mdomo, lakini pa kulipenyeza hapakuwepo. Mwisho Radi akafika pale anapofikaga siku zote.

"Umefukuzwa! Chukua kandambili zako! Nisikuone tena!"

Wenzake hata hawakuinua vichwa. Fundi Ngoma, anayeendesha lile limashine kubwa la kufulia, aliendelea kupakia taulo. Bi Wanga alichungulia tu sufuria ya chai kuona kama imekaribia kuiva. Hakuna aliyemwona Mgeni alivyovua aproni yake. Hakuitundika msumarini. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya pasi, akainama akachukua kandambili zake kama alivyoambiwa, akatoka kwa mlango wa mbele.

Radi mwenyewe hakuwa na muda wa kuangalia nani anatokea wapi. Alikimbia na ile suti mpaka kwa bwana harusi, akajieleza, akaomba radhi, na kwa kuwa muda wa kutafuta nyingine haukuwepo, wakakubaliana kwamba koti ni refu, litaficha, ili mradi bwana harusi asilivue na asiiname. Maskini, inasemekana alicheza ngoma zote na koti lake mpaka jasho likamchuruzika, na wakwe wakamsifu kwa adabu.

Radi akarudi dukani anacheka mwenyewe njiani. Hasira ilikuwa imekwisha zamani. Alipitia uani amwambie Mgeni kisa cha koti, akakuta ndoo imepinduliwa haina mtu, na juu yake kikombe cha chai kimepoa, kimeota utando.

"Mgeni yuko wapi?" akauliza.

Bi Wanga alikuwa ameishika ile aproni iliyokunjwa. "Huyu kapita mlango wa mbele, Bosi," alisema. "Huyu kaenda."

"Kaenda wapi?"

"Kwao. Si umemfukuza?"

"Kabla ya chai!" Radi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Kesho yake Mgeni hakuja, wala keshokutwa. Suruali zikaanza kutoka na mistari miwili. Radi hakutuma mtu, maana kutuma mtu ni kukubali kwamba jambo limetokea. Alijikausha, akawa anatazama mlango kwa jicho la pembe. Lakini moyo haukutulia, na kila alipopita karibu na ile aproni, aliona haya kuitazama.

Nyumbani akamweleza mkewe, akitarajia kuungwa mkono. Mkewe alikuwa anamenya ndizi jikoni. Hakugeuka.

"Uliyemfukuza kafukuzika," alisema. "Ulitaka afanyeje?"

"Lakini pale kila mtu anajua mimi nikisema vile sina maana hiyo."

"Na yeye ndiye kila mtu?"

Mkewe akaongeza kwamba chama cha wafanyabiashara wa mtaa kimemleta afisa kazi awafundishe waajiri sheria, kwamba semina ni Jumamosi, na kwamba jina la mumewe ameshaliandikisha. Hapo ndipo Radi alipojua kwamba mazungumzo yalikuwa yameisha kabla hajayaanza.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka ikipenda. Afisa kazi alikuwa mama mfupi, mwembamba, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba ukumbi mzima uliinama mbele ili umsikie. Radi alishangaa. Yeye angeishi na sauti ile, wafanyakazi wangemkanyaga. Lakini hapa walikuwepo wenye magereji, wenye maduka ya jumla, wenye mikahawa, watu wenye makoo yao, na wote walikuwa kimya.

Yule mama alieleza kwamba kumwachisha mtu kazi si neno, ni njia, na njia ina hatua zake. Mwambie kosa lake ukiwa umetulia. Mpe muda wa kufikiri. Mruhusu aje na mtu wa kukaa naye. Msikilize, tena umsikilize kabla hujaamua, si baada. Ndipo uamue. Radi alihisi shati linamganda mgongoni. Akajaribu kukumbuka watu aliowafukuza maishani mwake, akaona wangeujaza ukumbi ule, na wengine wangesimama nje.

Akanyoosha mkono. "Nina swali, mama. Si langu, la rafiki yangu. Rafiki yangu huyo ana mazoea ya kusema, wakati wa hasira, maneno kama umefukuzwa. Lakini wafanyakazi wake wanajua ni maneno tu. Sasa mmoja, kwa ugeni, akayachukua kweli akaondoka. Hapo sheria inasemaje?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenye duka la mikate, aliyeketi nyuma yake, akamgonga begani. "Mwambie huyo rafiki yako bado ana shati langu."

Afisa kazi hakucheka. "Mtu haajiriwi ili ajue bosi wake anamaanisha lipi na hamaanishi lipi," alisema. "Anaajiriwa kufanya kazi. Mwenye mamlaka akimwambia umefukuzwa, naye akaenda, amefukuzwa. Tena amefukuzwa bila kusikilizwa. Huyo rafiki yako akiitwa mbele ya wasuluhishi atasema nini? Kwamba alikuwa anatania?"

Radi akakaa chini. Aliogopa kushitakiwa, hilo hamfichi mtu. Lakini kulikuwa na kingine kilichomsumbua, nacho kilikuwa ile aproni, ilivyokunjwa vizuri na mtu ambaye ametoka kutukanwa.

Wakati wa mapumziko afisa kazi alimfuata na kikombe chake mkononi. "Mwambie rafiki yako asingoje kuitwa," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Aende yeye. Asimtishe, na asimbembeleze pia, maana mtu si mtoto. Amwambie lile neno lilikuwa kosa na amelirudisha. Kisha kama kosa la kazi lipo, walizungumze kwa utaratibu."

"Na akikataa kurudi?"

"Basi atakuwa amekataa mwenyewe. Hiyo ni haki yake. Sasa hivi hajapewa hata nafasi ya kukataa."

Radi hakungoja cheti cha semina. Alipitia dukani akamchukua Bi Wanga, ambaye aliwahi kumsindikiza Mgeni siku ya mvua na alikifahamu chumba chake, wakaenda kwa miguu. Njia nzima Radi alikuwa akifanya mazoezi ya kuongea polepole. Bi Wanga alimwambia anaonekana kama mtu anayeumwa jino.

Ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, milango inatazamana, bomba moja katikati ya ua. Kwenye mlango wa mwisho palikuwa na pazia lililopigwa pasi. Radi aliutazama mstari wa lile pazia, akajua amefika.

"Hodi," aliita, kidogo sana.

"Karibu," ilijibu sauti ya kizee. Ndani, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na mlango ili kipate hewa, alikuwa ameketi bibi mmoja, miguu imenyooshwa, imevimba, imefunikwa khanga. "Mnamtafuta mwanangu? Yuko kazini."

Radi na Bi Wanga wakatazamana.

"Shikamoo, mama," Radi alisema.

"Marahaba. Nyinyi ni nani?"

"Mimi ndiye... mwenye duka la dobi."

Alijuta papo hapo. Kama mwenye duka yuko hapa, na mwana yuko kazini, basi yuko kazini wapi? Bi Wanga akadakia haraka, "Tulikuwa tunapita tu, mama. Kuna mteja hapa jirani, tukasema tukusalimu."

"Ah, vizuri," bibi alisema. "Basi wewe mwanangu, kama hutajali, nichotee maji hapo bombani. Ndoo ndiyo hiyo."

Bi Wanga akatoka na ndoo. Bibi akangoja mpaka maji yakaanza kusikika yakianguka, kisha akamgeukia Radi.

"Miguu imenikatalia, baba, lakini pua nzima," alisema. "Kila jioni mwanangu akiingia alikuwa ananuka wanga na mvuke wa pasi. Nilikuwa naipenda harufu ile, maana najua tumekula. Sasa hivi anarudi ananuka vumbi na jua. Anaondoka asubuhi kama anayekwenda kazini, anarudi jioni kama anayetoka kazini. Namwambia pole na kazi. Ananiambia nimeshapoa. Tunadanganyana hivyo kwa heshima, kila siku."

Radi hakujua pa kuweka mikono yake. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, na kama sakafu ingefunguka angeingia mwenyewe bila kusukumwa.

"Sikuulizi alifanya nini," bibi akaendelea. "Nakuuliza wewe umekuja kufanya nini."

"Nimekuja kumwomba arudi," Radi alisema. Mara hii sauti ilitoka ndogo bila mazoezi yoyote.

"Basi mwombe yeye. Na mimi nakuomba moja. Usimwambie kwamba najua. Amejitahidi mno, mwanangu, asije akaona alijitahidi bure."

Bi Wanga akarudi na ndoo. Wakaaga. Walipofika nje ya ua Radi alisimama akajifuta uso na kiganja, na Bi Wanga, ambaye amemjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akajifanya anatazama kuku.

"Sasa huyu tutampata wapi?" Radi aliuliza.

Bi Wanga akafikiri. "Mtu asiye na pa kwenda na hataki kuonekana hana pa kwenda, anakaa wapi mchana kutwa? Mahali pa kungojea."

Walimkuta nje ya zahanati, kwenye benchi refu la wagonjwa, kati ya mzee anayekohoa na mama mwenye mtoto mwenye homa. Alikuwa amevaa lile gauni lake la kazini, mkoba mapajani. Alipowaona alisimama ghafla.

"Mama?" alisema. "Mama yangu ana nini?"

"Mama hajambo," Radi akamwahi. "Hajambo kabisa. Kaa, tafadhali."

Mgeni akakaa. Alieleza bila kuulizwa kwamba asubuhi hupita kwenye maduka mengine ya dobi kutafuta kazi, na kila anakokwenda huulizwa alitoka wapi na kwa nini. Akisema alifukuzwa, mazungumzo yanakatika. Basi anakuja kukaa hapa. "Hapa hakuna anayeniuliza nangoja nini," alisema.

"Lakini mwanangu," Bi Wanga hakuweza kuvumilia tena, "ilikuwa kabla ya chai! Ile haihesabiki!"

"Ipi haihesabiki?"

Ikabidi Bi Wanga amweleze yote, ndoo, msumari, mashuka, kikombe. Mgeni alisikiliza, macho yanamtoka. Mzee anayekohoa naye aliacha kukohoa ili asikie vizuri.

"Kwa hiyo siku ile," Mgeni alisema polepole, "chai yangu ilikuwa inaningoja uani?"

"Mpaka ikapoa," Bi Wanga alisema.

Mgeni alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka hasira, na hasira ile ilimstahili. "Na mimi ningejuaje? Mmeniacha nizunguke juani kama mwizi, kwa kuwa hakuna aliyefungua mdomo kuniambia mnafukuzwa kwa mchezo?"

Bi Wanga akainamisha kichwa. Radi akapiga moyo konde.

"Haukuwa mchezo," alisema. "Kabla ya chai au baada ya chai, nilikufukuza, na sikukuuliza hata neno moja. Nilikosea. Lile neno nimelirudisha, mbele ya Bi Wanga na mbele ya hawa wagonjwa. Ukitaka kurudi, kazi yako ipo. Usipotaka, nitamwambia yeyote atakayeniuliza kwamba hujawahi kutokea fundi wa pasi kama wewe."

Hapo alikuwa amesifu mtu mbele yake, kwa mara ya kwanza, na hakufa. Mama mwenye mtoto akasema, "Rudi, dada." Mzee akasema hapana, asirudi haraka, kwanza aweke masharti.

"Na suruali?" Mgeni aliuliza.

"Suruali tutaizungumza kwa utaratibu. Uje na mtu wa kukaa naye, useme yako yote. Mimi nitanyamaza."

Bi Wanga alikohoa kwa mshangao. Mgeni alimtazama Radi usoni kwa muda, kama anayetafuta doa kwenye kitambaa. "Nitakuja," alisema. "Sirudi kwa kuhurumiwa. Nataka niulizwe, nijibu."

Jumatatu asubuhi kikao kikafanyika ofisini, katikati ya marundo ya foronya. Mgeni alimchagua Bi Wanga akae naye. Radi alifunga mlango polepole, akauliza kila mmoja kama amekaa vizuri, akaanza kusema kwa sauti ya chini kama alivyofundishwa.

Nje ikawa balaa. Wafanyakazi walikuwa wamezoea ngurumo, na ngurumo hazimtishi mtu aliyezizoea, lakini ule ukimya uliwaingiza baridi. Fundi Ngoma alizima mashine ili asikilize, akasikia minong'ono tu. "Bosi ananong'ona," alitangaza, uso umemsawajika. "Leo mtu anakwenda kweli. Duka linafungwa!" Akaenda kwenye kabati lake akaanza kufunga vitu vyake kwenye taulo.

Ndani, Radi alikuwa akieleza kosa lilivyoonekana, kisha akanyamaza kama alivyoahidi. Ilimchukua nguvu nyingi, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Niliiweka pasi joto la chini kabisa," Mgeni alisema. "Ni ile ya dirishani. Nikaitua, nikainua suruali kutazama mstari, nikairudisha pasi juu ya kitambaa mara moja tu. Ikaunguza. Siku ile nilitaka kukwambia kwamba joto lilipanda lenyewe."

Radi akasahau ahadi. "Lakini hiyo pasi ya dirishani inapanda yenyewe siku zote! Ndiyo maana ukiitua unaichomoa! Kila mtu anajua!"

Akajisikia mwenyewe alivyosema. Kila mtu. Akamkumbuka mkewe na ndizi zake.

"Kila mtu isipokuwa mimi," Mgeni alisema.

Bi Wanga akashika shavu. "Mimi nilidhani ameambiwa," alisema. "Nilidhani Fundi Ngoma amemwambia. Na yeye bila shaka alidhani mimi nimemwambia. Ya pasi hatukumwambia, na ya chai hatukumwambia. Tumemtupa ndani ya nyumba yetu bila kumwonyesha hata mlango ulipo."

Radi aliegemea kiti. Alihisi kitu kinalegea kifuani, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana siku nzima. Kosa lilikuwa limepatikana, na halikuwa la mtu mmoja wa kupigiwa kelele. Lilikuwa la duka zima, na duka lilikuwa lake.

"Basi," alisema. "Huna kosa. Siku ulizokuwa nje ni siku za kazi kama nyingine. Ile pasi haitumiki tena mpaka itengenezwe, nami nilipaswa kuitengeneza zamani. Na kuanzia leo, mtu akikosea ataitwa hapa, tukae, tumsikilize. Hata iwe saa mbili asubuhi. Bi Wanga, mfanyakazi mpya yeyote akija, wewe utamzungusha siku ya kwanza umwambie kila chenye hatari humu."

"Nianze na kipi?"

"Anza na chenye hatari kubwa zaidi."

"Basi naanza na wewe, Bosi."

Mgeni alicheka, mara hii kicheko kamili. Kikapenya mlango, kikamfikia Fundi Ngoma akiwa ameinama juu ya taulo lake. Alisimama akatega sikio. Mlango ukafunguka, Mgeni akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake, akaikunjua ile aproni akaivaa. Chumba kizima kikashusha pumzi kwa pamoja. Fundi Ngoma alirudisha vitu vyake kabatini akidai kwamba alikuwa anavipanga tu.

Kesho yake asubuhi, rundo zima la mashati ya mgahawa lilirudishwa na mteja, kola zimeganda kama mbao kwa wanga uliozidi. Radi alilitazama rundo. Shingo ikavimba, kifua kikajaa, na wafanyakazi wote wakainua vichwa. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Kisha akaifunga. Akageuka, akapita mlango wa nyuma, akaenda uani, akaketi mwenyewe juu ya ile ndoo katikati ya mashuka.

Alikaa huko mpaka chai ikaiva. Aliyemletea kikombe alikuwa Mgeni. Chai ilikuwa ya moto, inafuka.

"Bi Wanga anasema yuko tayari kuja kikaoni," alisema. "Anakiri wanga ulimzidi mkono."

"Aje baada ya chai. Nimeshapoa," Radi alisema. Akapokea kikombe, akasitasita. "Mama hajambo?"

"Hajambo, ila sijui ana nini," Mgeni alisema, akinyoosha shuka lililojikunja kwenye kamba, mkono haukubali kukaa bure. "Jana nilipoingia alinivuta, akaushika mkono wa gauni langu akauweka usoni muda mrefu. Akaniambia pole na kazi. Nikamwambia nimeshapoa. Akalala hapohapo, hata chakula sijapakua, akakoroma mpaka majirani wakasikia. Hajalala hivyo siku nyingi."

Radi, ambaye hajawahi maishani mwake kuzuia neno likishafika mdomoni, alilihisi hili limefika. Aliweka kikombe mdomoni akanywa funda kubwa. Halafu akamwambia kwamba chai ya leo ilikuwa tamu sana.